Virusi dhidi ya mnyauko wa viazi: bakteria naye ana ngao zake

Ukitaka kujua kama shina la kiazi mviringo limeangushwa na mnyauko bakteria au na jambo jingine, likate karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na uliache limetulia. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe mithili ya maziwa huanza kushuka taratibu kutoka pale ulipokata. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, Ralstonia solanacearum, waliokuwa wamejazana ndani ya mishipa inayopandisha maji kwenye mmea. Wakulima wa Isongole, Makete na Njombe, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wanaufahamu ugonjwa huu kwa ukaidi wake: mtu anaweza kubeba bomba mgongoni na kupuliza dawa ya ukungu hadi fedha ya lumbesa kadhaa iishe, na shamba likaendelea kunyauka, kwa kuwa dawa ya ukungu haimdhuru bakteria, sembuse bakteria aliyejificha ndani ya shina.

Ndiyo maana wazo la kumtafutia adui wake wa asili lina mvuto. Adui huyo ni faji, jina la jumla la virusi vinavyoingia ndani ya bakteria, kuzaliana humo na kumpasua. Si wazo jipya. Frederick Twort aliandika kuhusu virusi hivi mwaka 1915, Félix d'Hérelle akafuata mwaka 1917, na tangu 1923 mji wa Tbilisi, Georgia, umekuwa na taasisi inayoshughulika navyo kama tiba. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha kwamba mchanganyiko wa faji kadhaa ulipunguza mnyauko wa nyanya, unaosababishwa na Ralstonia huyuhuyu, kwa hadi asilimia 80. Ninachotaka kupima hapa ni kama yaliyogunduliwa katika miaka hii kuhusu kinga za bakteria yanayapa nguvu matumaini hayo au yanayabomoa.

Wenye shaka wana hoja nzito, na nitaanza nao. Kwa miongo mingi wanasayansi walidhani bakteria ana silaha chache tu dhidi ya virusi. Mojawapo ilikuwa vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni, ambavyo wagunduzi wake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Nyingine ilikuwa CRISPR, ambayo kazi yake ya kinga ilithibitishwa mwaka 2007 kwa bakteria wa kugandishia mtindi: hutunza vipande vya DNA ya virusi vilivyowahi kushambulia, kama daftari la wadaiwa linavyotunzwa chini ya meza ya duka, ili mgeni akirudi atambuliwe. Kisha mwaka 2018 kundi la Rotem Sorek la Taasisi ya Weizmann, Israeli, likatumia njia rahisi kwa namna ya kushangaza. Lilikuwa limejulikana kwamba jeni za kinga hukaa pamoja, jirani kwa jirani. Wao wakachunguza majirani wasiojulikana wa jeni zinazojulikana. Waliibuka na mifumo kumi mipya kwa mkupuo mmoja, na mingi wakaipa majina ya miungu na viumbe walinzi wa kale: Zorya, Thoeris, Hachiman, Lamassu. (Wangekuwa Wasafwa au Wanyakyusa, nina hakika nao wasingekosa majina.) Leo mifumo inayojulikana imepita 100.

Mingi kati ya hiyo hufanya kazi kwa njia ya kikemia, na hapo ndipo utafiti unapovutia zaidi. Katika mfumo wa Thoeris, protini moja ikihisi virusi vimeingia hutengeneza molekuli ndogo ya ishara. Ishara hiyo huamsha protini ya pili, ambayo huanza kuteketeza NAD, molekuli ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo. Bakteria hufa kabla virusi havijakamilisha kizazi kipya, na ndugu zake wanaomzunguka wakasalimika. Mkulima anayeng'oa shina lililonyauka pamoja na udongo wake na kulitoa shambani hufanya hesabu ileile. Wapo wengine wasiojiua: mwaka 2020 iligunduliwa kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza nyukleotidi bandia, yaani pingili ya uongo ya mnyororo wa kijenetiki, ambayo virusi vikiiokota na kuiingiza kwenye mnyororo wao, mnyororo unakomea hapo. Protini inayoitengeneza ni ya ukoo mmoja na viperin, inayopambana na virusi ndani ya seli zetu sisi wenyewe.

Ugunduzi unaomgusa mkulima moja kwa moja, kwa maoni yangu, umepewa uzito mdogo kuliko unaostahili. Ile harufu ya udongo inayopanda baada ya mvua ya kwanza hutoka hasa kwa bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces, na hao ni wakemia hodari. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba baadhi ya molekuli zao, zikiwemo daunorubisini na doksorubisini zinazotumika hospitalini kutibu saratani, huzuia faji kuzaliana kwa kiasi ambacho hakimzuii bakteria kukua. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba dawa za kuua bakteria za kundi la aminoglikosaidi, ambazo asili yake ni viumbe wa aina hiyohiyo, nazo zinaweza kuzuia faji. Molekuli hizi hutolewa nje ya seli, hivyo zinaweza kumkinga hata jirani. Faji iliyofanya maajabu kwenye chupa ya maabara, ikimwagwa kwenye udongo mweusi wa milima ya Uporoto, inaingia katika uwanja wenye kemia ambayo chupa haikuwa nayo. Tena si shambani tu ambako matumaini yamepwaya: jaribio la PhagoBurn, lililowahusu wagonjwa 27 wa majeraha ya moto huko Ulaya na kutolewa mwaka 2019, liliona mchanganyiko wa faji ukipunguza bakteria polepole kuliko krimu ya kawaida, baada ya faji zenyewe kupoteza nguvu tangu zilipotengenezwa.

Hata hivyo, kuhesabu ngao za bakteria wote duniani na kumvika bakteria mmoja ni kosa. Bakteria mmoja hubeba kwa wastani mifumo kama mitano tu, kwa sababu kinga ina gharama: inaweza kulipuka bila adui, na inakula nguvu ya kukua. Katika utafiti ule wa nyanya, Ralstonia waliookoka faji walikua taratibu zaidi na kushindwa kushindana na wenzao. Hilo ni jambo ambalo dawa ya dukani mara nyingi haitupi, yaani usugu unaomdhoofisha msugu. Nazo faji hazijakaa kimya. Mwaka 2013 zilipatikana protini za faji zinazozima CRISPR, na baadaye nyingine zinazonyonya ile ishara ya Thoeris kama sponji kabla haijafika inakopelekwa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mifumo hii sasa inasomeka kwenye jeni, inawezekana kumsoma Ralstonia wa shamba fulani na kuchagua faji kwa kutazama ngao alizonazo yeye, badala ya kubahatisha.

Kwa hiyo naegemea upande wa kujaribu, lakini kwa faji zilizokusanywa hapahapa. Kazi hiyo haihitaji miujiza: maji ya udongo wa shamba lililonyauka huchujwa kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko bakteria, tone la maji hayo huwekwa juu ya utando wa Ralstonia waliooteshwa kwenye sahani, na penye faji hubaki vidoa angavu ambako bakteria wameliwa. Faji iliyopatikana hivyo imeshazoea udongo wetu na Streptomyces wake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, chenye historia ndefu ya viazi, ndicho mahali pa kuanzia.

Ugumu nauona kwenye usajili. Kiuatilifu husajiliwa kwa kiambato kisichobadilika, ilhali mchanganyiko wa faji utalazimika kubadilishwa kadiri bakteria wanavyobadilika. Mamlaka ikidai chupa ileile mwaka hadi mwaka, itakuwa imesajili dawa iliyokwisha kushindwa. Wala faji haitaziba pengo la mbegu. Kiazi kinaweza kubeba Ralstonia bila dalili yoyote, kikauzwa kando ya barabara kuu kama mbegu nzuri, na kikahamisha ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji pamoja na jembe lisilosafishwa na maji yanayotiririka kutoka shamba la juu. Kama ningepewa fedha za msimu mmoja tu, ningeziweka kwenye mbegu safi kwanza, na sehemu ndogo kwenye vichujio na sahani.