Foleni Iitwayo Usifute

Kumwandikia binadamu maelekezo ni kazi nyepesi, kwa sababu binadamu hasomi. Mpe kurasa za kutosha kuhusu jinsi ya kuendesha RabbitMQ, programu inayopanga ujumbe wa mifumo kwenye foleni hadi uchukuliwe, atazifunga zote, atamuuliza wa meza ya pili, na maisha yataendelea. Wakala wa akili mnemba anasoma. Anasoma kila neno, na kibaya zaidi, analiamini.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika maelezo ya zana ambazo wakala wetu angesimamia nazo foleni za ujumbe: kuziorodhesha, kuziunda, kuchungulia kilichomo, kuzifuta. Zilipitia MCP, ile protokali ya kuwaunganisha mawakala na zana iliyotoka Novemba 2024, ambayo inakuruhusu kuibandika kila zana alama: hii inasoma tu, hii inaharibu. Zana ya kufuta niliipa alama ya uharibifu na onyo la herufi kubwa tupu: USIFUTE CHOCHOTE BILA RIDHAA YA MWENYE FOLENI. Ile ya kuunda niliipitisha kuwa haina madhara. Foleni mpya, tupu, itamdhuru nani?

Chini yake nikaweka mfano, nikiunakili kutoka seva ya majaribio kama ulivyokuwa. Jina la foleni: usifute. Idumu hata seva ikizimwa. Iunganishwe na kituo kikuu cha kugawia ujumbe kwa alama ya reli, #, yaani ipate nakala ya kila kinachopita. (Jina hilo tulilibuni kwa ajili ya mwenzetu mmoja ambaye Ijumaa jioni hushikwa na hamu ya kufagia seva ya majaribio. Lilikuwa limefanya kazi vizuri sana.)

Siku moja bosi akamwambia wakala, tena kwenye seva ya kazi yenyewe, "Niundie foleni moja nijaribie kitu." Jina hakutaja. Wakala akafungua maelezo yangu, akakuta mfano umekamilika kila kitu, akaunda. Bosi akasema asante, akaitwa kwenye kikao, akasahau.

Foleni haikuwa na mpokeaji hata mmoja. Kila oda, kila risiti, kila arifa ikawa inaingia humo na haitoki. Diski ikajaa kimyakimya. Sasa, RabbitMQ isipobadilishwa mpangilio, nafasi ya diski ikishuka chini ya megabaiti 50 inawazuia wote wanaotuma ujumbe. Wala haiwapi kosa la kuonyesha watu. Inawaacha tu wanasubiri. Kwenye skrini zetu kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na simu zikaanza kulia.

Bosi akazima seva na kuiwasha. Foleni ikaamka na shehena yake yote, maana mfano ulisema idumu, na ujumbe wetu wenyewe hutumwa wa kuhifadhiwa diskini. Ikabidi aulizwe wakala, na haki yake apewe, jibu alilitoa papo hapo: "Foleni usifute ina mamilioni ya ujumbe na haina mpokeaji. Ndiyo inayomaliza diski."

"Ifute."

"Samahani. Jina la foleni linaonyesha kuwa mwenyewe hataki ifutwe, na zana hii inadai ridhaa yake."

"Mwenyewe ni nani?"

"Niliiunda mimi. Ila maelezo hayasemi kama naruhusiwa kujipa ridhaa."

Bosi aligeuka polepole akanitazama. Mimi nilikuwa nimeinamia skrini, na siwezi kuficha kwamba kifua kilinijaa fahari. Katika ofisi nzima, nani mwingine aliwahi kusoma nilichoandika, tena mpaka onyo la chini kabisa? Nikamwambia, "Bosi, mfumo unafuata maelezo neno kwa neno." Jibu lake haliandikiki.

Mwisho yule mwenzetu wa Ijumaa ndiye aliyekaa kwenye kibodi. Akaandika rabbitmqctl delete_queue usifute, akabonyeza kwa raha ya mtu aliyeisubiri siku hiyo muda mrefu. Diski ikapumua, viduara vikaacha kuzunguka, oda zikaanza kutiririka.

Tulipomtaka wakala aandike ripoti ya tukio, aliiandika vizuri, kwa mpangilio, na kumalizia hivi: "Foleni usifute imefutwa na mtu asiyejulikana, kinyume cha matakwa yaliyoelezwa kwenye jina lake. Maelezo ya kuiunda upya ninayo. Niendelee?"