Namba ya Drafti Hununua Muda

Watanzania wengi tulilijua neno drafti kwa maana mpya, ya klabu kuchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, Juni 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na timu ya kikapu ya NBA, Memphis Grizzlies. Kabla ya hapo drafti ilikuwa ile ya kete za vizibo vya soda. Wiki mbili hivi kabla ya usiku ule wa kikapu, Marekani ilikuwa imefanya drafti ya besiboli. Mrushaji Stephen Strasburg alichukuliwa wa kwanza na Washington Nationals. Kijana wa sekondari, Mike Trout, akasubiri hadi nafasi ya 25. Strasburg alifanya makubwa kabla mwili haujamwangusha, lakini Trout ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli, mara tatu.

Mifano ya aina hii ndiyo inayowafanya wengi waseme drafti ya besiboli ni bahati nasibu. Wana hoja. Thabeet aliteuliwa Juni na msimu huohuo akaingia uwanjani NBA. Kwenye besiboli kijana hupelekwa kwanza ligi ndogo: miji midogo, safari ndefu za basi, ngazi kwa ngazi kutoka Single-A hadi Triple-A. Trout alitumia miaka miwili, na huyo alikuwa na mbio. Kwa hiyo skauti hamnunui mchezaji anayemwona, bali yule anayemdhania miaka mitatu au minne mbele, huku kiwiko cha mrushaji kikiweza kuharibika wakati wowote. Brien Taylor, wa kwanza mwaka 1991, aliumia bega kwenye ugomvi nje ya uwanja na hakuwahi kufika Ligi Kuu.

Hata hivyo klabu si wajinga. Ken Griffey Jr., Chipper Jones, Alex Rodriguez na Bryce Harper wote walikuwa namba moja, na kwa ujumla waliochaguliwa raundi ya kwanza hufika juu kwa kiwango kinachowaacha mbali wenzao wa raundi za chini.

Ninachotilia shaka ni sababu. Kipaji kipo, sikatai. Lakini kijana aliyelipwa mamilioni akicheza vibaya msimu mzima, hupewa kocha wa kumrekebisha na msimu mwingine. Wa raundi ya 18 akiboronga miezi miwili, huitwa ofisini na kuambiwa akusanye mizigo. Mark Appel, namba moja wa Houston mwaka 2013, alipata matokeo mabaya, akaumia, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi 2021, na Juni 2022 akapanda kilima cha warushaji cha Ligi Kuu akiwa na klabu ya Phillies, umri miaka 30. Alicheza mechi sita tu. Sidhani wa raundi ya 18 angefunguliwa mlango huo mara ya pili.

Wanaoamini kipaji hakifichiki hukimbilia kwa Mike Piazza: raundi ya 62, mwaka 1988, na mwaka 2016 akaingizwa Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli, pamoja na Griffey, namba moja wa 1987. Hadithi tamu, ila tuimalizie. Dodgers walimchukua kwa sababu meneja wao, Tommy Lasorda, alikuwa rafiki wa baba yake. Lasorda huyohuyo ndiye aliyemshauri ahamie nafasi ya mdakaji, na kijana akaenda kujifunza kwenye kambi ya klabu Jamhuri ya Dominika. Abebwaye hujikaza, na Piazza alijikaza hasa. Lakini alibebwa: muda ambao namba yake isingemnunulia, alinunuliwa na urafiki.

Tangu 2021 drafti ina raundi 20 tu, na timu za ligi ndogo zilizo chini ya klabu kubwa zimepunguzwa hadi 120. Mishahara imepanda, kweli: mkataba wa 2023 uliwatoa wachezaji wa Triple-A kwenye dola 17,500 kwa mwaka hadi 35,800. Wanaobaki wanakula vizuri zaidi. Raundi ya 62 haipo tena.