Mheshimiwa Alipokwenda Kilabuni

Baba yangu mdogo ana msimamo mmoja ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuutikisa: ndama lazima awe na baba anayeonekana. Bwana mifugo wetu alikuja na habari za uhimilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mrija bila dume, mbegu za kutoka kituo cha taifa kule Usa River, Arusha, mirija midogo inayotunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi nyuzi 196 chini ya sifuri. Baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyo dume wa kwenye mtungi, nikitaka kuziona kwato zake naziona wapi?"

Bwana mifugo akasema picha zipo.

"Hata mimi picha ninayo, iko kwenye kitambulisho. Wewe kwa picha ile ungenijua?"

Mimi mrija sikuukataa kwa sababu ya kwato. Shida ni saa. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani anamtaka dume, hakusubiri wiki nzima. Aliyeonekana asubuhi anatakiwa apandishwe jioni ileile, wa jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Majike wetu wanapenda kuanza usiku. Kijana wa kuchunga anakuja kutoa taarifa jua limeshapanda na chai ameshakunywa, mtaalamu yuko kijiji cha mbali, pikipiki yake haina mafuta, basi mnakaa tena siku 21 mnangoja. Dume aliye zizini hahitaji kupigiwa simu.

Na tulikuwa tunamtaka dume kwa kazi maalumu: kutuzalia mitamba, majike ambao bado hawajazaa, wa kupeleka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Sisi ni wa Ihumwa, Dodoma, viwanja vya maonyesho vya Nzuguni viko palepale njiani, kutokwenda ni aibu. Mwaka wa nyuma yake tulipeleka mtamba mmoja, mgongo kama umepigwa rula, miguu safi, tukasema zawadi hii hapa. Nikamwingiza uwanjani kwa kamba. Kipaza sauti kikapiga mluzi. Sijui nieleze vipi kilichofuata, maana sehemu kubwa nilikuwa nimelala kifudifudi. Najua tulipita kwenye vipando vya halmashauri moja ambayo siitaji, tukafyeka mchicha, tukaingia kwenye alizeti, na waliokuja kuniokota walinikuta nimekumbatia mpapai. Waamuzi hutazama mgongo, kwato, kiwele na mwendo. Mwendo wetu waliuona wote, hadi waliokuwa kwenye mabanda ya asali.

Kikao cha ukoo kikakaa, kikatoa hukumu: ni damu. Babu wa yule mtamba kwa upande wa mama alikuwa mkorofi, aliwahi kumpandisha mjomba juu ya mgunga mwenye miba. Na kweli ukali wa ng'ombe hurithiwa, hilo hata wataalamu hawabishi. Basi sharti la kwanza likawa upole. Nundu, rangi na urefu vingefuata baadaye.

Ng'ombe wetu ni aina ya Mpwapwa, uzao wa mkoa huuhuu, uliotengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa kwa kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi wa bara Hindi, zebu wetu wa asili, Boran, na damu kidogo ya Ulaya. Ilipofika 1958 ndipo ukahesabiwa kuwa uzao kamili. Ni ng'ombe anayevumilia ukame wetu na bado anakupa maziwa ya chai na ya kuuza. Tatizo ni kumpata dume halisi. Mnadani kila dume mwekundu ni Mpwapwa, mpaka umuulize muuzaji mama yake yuko wapi. Hapo ndipo utakaposikia simu ya muuzaji inaita.

Tukaambiwa kuna mzee upande wa Mpwapwa kwenyewe, ana dume halisi, mpole kupita kiasi. Jina lake Mheshimiwa.

Tulifika kwa mzee jioni, mimi, baba mdogo na bwana mifugo. Mbukwenyi, mbukwa, shikamoo, marahaba, viti vikatolewa. Mheshimiwa alikuwa amelala chini ya mbuyu anacheua, macho nusu yamefumba. Mgongoni mwake kuna mjukuu wa mzee amekaa anakula muwa. Kwenye nundu kuna kuku. Mzee akamvuta mkia, akamfunua mdomo, akampiga kibao cha shavuni cha kirafiki. Mheshimiwa akashusha pumzi ndefu tu.

"Huyu amelelewa," baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

Msidhani tulibabaika kwa upole peke yake. Tulimkagua. Tukamtembeza kwenye mchanga tutazame nyayo: mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele. Govi halining'inii, jambo la maana sana kwenye vichaka vyetu vya miba, kwa sababu dume wa jamii hizi akiwa na govi refu siku moja anarudi amechanika na kazi imeishia hapo. Tukaomba kumwona mama yake. Mzee akamtoa: kiwele kimeshikana vizuri na tumbo, chuchu nne zinazolingana, anazaa bila kuruka. Mwenye dume asiyeweza kukuonyesha hata jike mmoja wa ukoo wake, muage kwa heshima uende zako. Wengi huduwaa na nundu na pembe, kumbe mtamba wa maonyesho hashindi kwa nundu ya baba yake, anashinda kwa kiwele cha bibi yake.

Kikabaki kipimo cha korodani. Bwana mifugo akajipapasa mifukoni, futi ameisahau ofisini. Baba mdogo akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa futi ya njano ya fundi cherehani, imekunjwa vizuri.

Niliitambua palepale. Ni ya mke wangu.

"Hakuwepo nyumbani," baba mdogo akanieleza, "sikutaka kumsumbua."

Bwana mifugo akachuchumaa nyuma ya Mheshimiwa, akazisukuma chini kwa mkono wa kushoto, akazungusha futi pale penye unene. "Sentimita thelathini na sita!" Mzee akacheka kwa fahari kama aliyepimwa ni yeye. Na hiki si kipimo cha utani: dume mwenye korodani kubwa ana mbegu nyingi, na mabinti zake huwahi kupevuka. Baba mdogo akaomba kipimo kirudiwe ili apige picha. Mheshimiwa akashusha pumzi nyingine, na safari hii nilikuwa karibu, ikanifika usoni. Ilikuwa na harufu ya uchachu. Bwana mifugo akasema ndivyo tumbo la ng'ombe lilivyo.

Tukalipa kwa pesa ya zabibu, tukakata kibali cha kusafirisha, Mheshimiwa akapanda Fuso. Pale Mbande trafiki akatusimamisha, akamuuliza dereva amebeba nini. Baba mdogo, aliyekuwa na furaha ya siku nzima, akadakia dirishani, "Tumembeba Mheshimiwa, yuko nyuma amepumzika." Tulikaa pale mpaka turubai likafunuliwa lote.

Futi ilirudishwa kwenye droo ya cherehani kimyakimya, na ingekaa huko kwa amani kama ile picha isingetupwa kwenye kundi la ukoo. Mke wangu aliifungua akiwa kazini, akiwa ametoka tu kumpima kiuno mama mwenyekiti wa kwaya. Akaikuza picha. Akaitazama futi iliyo mkononi mwake, ina doa la wino kwenye namba 20. Akaitazama ya pichani.

Aliponipigia hakuwa na maneno mengi. "Baba watoto, thelathini na sita ni ya nani?"

Nyumbani siku za kwanza Mheshimiwa alikuwa mtu wa watu. Kazi yake aliifanya bila makelele. Lakini kila siku jua likianza kuinama, anabadilika. Anasimama langoni ameelekea barabara ya juu, anakwaruza chini, anatoa mlio wa kutikisa bati. Kijana wa kuchunga akaanza kulala ndani. Bwana mifugo akampima joto, nyuzi 38 na nusu, sawa kabisa; akampa dawa ya minyoo ili asiondoke bure. Baba mdogo akasema ni kijicho cha majirani. Mke wangu akasema, "Mlimdhalilisha na futi yangu."

Jumamosi moja nikiwa kwa jirani, mtoto akaja mbio. "Mheshimiwa ameng'oa lango! Ameingia kilabuni!"

Wageni waliokuwepo wakauliza ni mheshimiwa yupi, maana Dodoma swali hilo ni la haki kabisa.

Nilipofika kwenye kilabu cha mama pombe, ile ya barabara ya juu, viti vilikuwa vimelala chali na wazee wamejipanga ukutani wameshika kata zao juu ya vichwa. Katikati ya uwanja amesimama Mheshimiwa, kichwa chote kimezama kwenye pipa la pombe ya uwele. Akimeza, koo linapanda na kushuka. Akiinua kichwa kupumua, povu linamdondoka kidevuni na kengele yake ya shingoni inalia, ngolo!

"Kengele ya kwanza, Mheshimiwa!" akasema mzee mmoja wa ukutani.

Mheshimiwa akarudi pipani.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Mchangiaji anamaliza akiba ya taifa!"

Ngolo!

"Kengele ya pili hiyo! Muda wako umekwisha, kaa chini!"

Na akakaa. Naapa. Alikunja miguu ya mbele, akafuata na ya nyuma, akajilaza pale katikati ya kilabu, akaanza kucheua, macho nusu yamefumba. Ulevini hakuna asiyejua kushangilia. "Naunga mkono hoja asilimia mia moja!" Kuku wa mama pombe akaja, akamtazama, akapanda nundu.

Baba mdogo alikuwa ameshampigia simu yule mzee wa Mpwapwa, sauti imewekwa wazi tusikie wote.

"Mzee, huyu dume anakunywa!"

"Hee, kwani hamumpi?" mzee akashangaa. "Mke wangu mdogo anapika pombe. Tangu akiwa ndama, kila saa kumi anapata ndoo ya machicha ya pombe. Akikosa hatulali."

"Mbona hukutuambia?"

"Wanangu, mliniuliza mama yake, mkaniuliza mabinti zake, mkampima mpaka kusikopimwa. Anachokula hakuna aliyeuliza."

Bwana mifugo akawa anaangalia kwato za Mheshimiwa kwa umakini mkubwa.

Likabaki deni la pipa. Mama pombe alisimama mikono kiunoni, akapiga hesabu kwa sauti: pipa lenyewe, viti, na wateja waliokimbia bila kulipa, wakiwemo wawili niliowaona wamekimbilia dirisha la jikoni kujiongezea. Baba mdogo akajitetea kwamba zile pesa za zabibu ziliisha kwenye dume. Wakati wanabishana, nyuma ya kilabu mtamba akalia. Mheshimiwa akafumbua macho. Akainuka, taratibu, akayumba kidogo, akapita katikati yetu, akaliegemea boma la mama pombe mpaka mti mmoja ukaachia, akaingia.

Tukasubiri, kila mtu anatazama pake.

"Basi," mama pombe akasema baadaye, akiokota viti. "Pesa yenu sitaki. Walevi wa hapa nawajua wote, huyu ndiye wa kwanza kulipa siku ileile."

Siku hizi saa kumi kijana wetu anakwenda na ndoo kuchukua machicha, na jioni zetu zimetulia. Ndama wetu watatu wa Mheshimiwa ni wazuri. Wa mama pombe ni mzuri kuwazidi, mgongo umenyooka, kwato zimekaa, anafuata kamba bila kuvutwa. Juzi mama pombe alinisimamisha barabarani akaniuliza fomu za kushiriki maonyesho pale Nzuguni zinachukuliwa dirisha gani. Baba mdogo amenikataza kumjibu.