Kasumba Kabla Haijawa Msemo

Juzi nilishusha boksi la vitabu lililokaa juu ya kabati tangu nihame, nikakuta vile vya historia ya Waingereza huko China nilivyovisoma zamani kwa ajili ya mtihani. Safari hii hakuna mtihani, na mara mbili nimesoma mpaka adhana ya alfajiri.

Kila siku tunasema "kasumba": kasumba ya ukoloni, kasumba ya kudharau vya kwetu. Wengi tumesahau kwamba kasumba ni afyuni yenyewe, dawa ya kulevya. Katika vitabu hivi neno hilo halina fumbo. Waingereza walikunywa chai ya China kwa wingi, nayo China ilitaka ilipwe kwa madini ya fedha. Ili kupata fedha hiyo, Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya Waingereza, ikalimisha mipopi, mimea inayotoa kasumba, huko Bengal nchini India, ikainadi kasumba Calcutta, na wafanyabiashara binafsi wakaiingiza China kwa magendo, maana huko ilikuwa marufuku.

Mwaka 1839 mfalme wa China alimtuma afisa wake, Lin Zexu, kwenda bandari ya Guangzhou kuikomesha. Alikamata makasha zaidi ya 20,000. Kurasa hizi nimezirudia sana. Pale Humen, karibu na Guangzhou, vibarua walichimba mashimo makubwa, wakayajaza maji ya chumvi, wakatumbukiza mabonge ya kasumba, wakamwagia chokaa mpaka yakatokota, kisha wakalifungulia tope baharini. Kazi ilichukua wiki tatu hivi. Naye Lin aliandika sala ya kumwomba radhi mungu wa bahari kwa uchafu ule.

London ilijibu kwa manowari. Aprili 1840, hoja bungeni ya kuilaumu serikali ilianguka kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura 9! Kufikia 1842 China ilikuwa imetia saini Mkataba wa Nanjing: ikaitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano, ikatozwa dola za fedha milioni 21. Kati ya hizo, milioni 6 zilikuwa bei ya kasumba iliyoteketezwa.

Wapo wanahistoria wanaosema vita ile ilihusu uhuru wa biashara na heshima ya mabalozi. Hayo yalikuwemo, sikatai. Lakini aliyeletewa sumu ndiye aliyelipishwa gharama yake, tena kwa maandishi, na kwangu zile milioni 6 zina uzito kuliko hotuba zote.

Kingine kilichonishtua ni Charles Gordon. Shuleni nilimjua kama gavana wa Equatoria, jimbo lililofika hadi kaskazini ya Uganda ya leo, aliyeuawa Khartoum mwaka 1885. Kumbe Oktoba 1860, katika vita vya pili vya kasumba, Waingereza walipoivamia China tena, alikuwa miongoni mwa askari waliolichoma Yuanmingyuan, kasri la mfalme nje ya Beijing, kwa amri ya Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza. Miaka 14 baadaye akaletwa kutawala Equatoria. Natamani walimu wetu wanapomfikia Gordon waanzie kwenye moto ule, ili mwanafunzi ajue ni mtu wa namna gani aliyekuwa anapanda Mto Nile.