Nakuru inatanuka, barabara zake hazikutani

Nakuru haina pa kutanukia ila ubavuni. Kaskazini imezuiwa na kreta ya Menengai, kusini na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Ndiyo maana, hata kabla ya kupewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ilikuwa ikijinyoosha kuelekea Lanet upande mmoja, Kiamunyi na Ngata upande wa pili. Kila kero ya usafiri sasa inalaumiwa kwa umbali. Mimi naona umbali unasingiziwa. Kinachotuumiza zaidi ni barabara za mitaani zisizokutana.

Katikati ya mji, Kenyatta Avenue ikijaa unakata kona, unatokea barabara ya nyuma. Pembezoni mambo yalikwenda vingine. Baada ya uhuru, makampuni ya wanahisa yalinunua mashamba ya walowezi yakagawia wanachama, na leo vipande hivyo vinakatwa tena kuwa ploti za futi hamsini kwa mia. Kila mwenye shamba huja na mpimaji wake, na barabara ya ndani huishia kwenye seng'enge ya jirani. Unasikia redio ya nyumba ya nyuma, lakini ukitaka kumfikia mwenyewe kwa gari, sharti utoke hadi lami, uingie kwenye foleni pamoja na malori yaendayo Malaba, kisha ukunje tena ndani.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2020, watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, wakitumia ramani za OpenStreetMap, walionyesha kuwa tangu 1975 mitaa mipya duniani imezidi kujengwa bila kuunganishwa vizuri.

Wanaopenda mtaa wa geti moja wana hoja, tena si ya kubeza. Mlinzi anamjua kila anayeingia, watoto wanacheza mpira barabarani, bodaboda hazipiti mbio kukwepa foleni. Na mwenye shamba akiambiwa aache barabara ipenye, anaona ploti ya kuuza imemtoka hivi hivi. Nani asingekunja uso? Ila hesabu hiyo inaishia getini. Nje ya geti kuna ambulensi inayozunguka ikitafuta njia, na mama mboga anayelipa boda kwa mwendo ambao angeutembea.

Kaunti inapoidhinisha ugawaji wa shamba, ingemtaka mwenyewe aonyeshe barabara yake inakutana wapi na ya jirani. Pale wakazi wanapohofia magari, iachwe walau njia ya miguu. Najua watakachosema: uchochoro ni mlango wa wezi. Ukiwa mrefu, hauna taa na umebanwa na kuta pande zote, wana haki ya kuogopa. Ukiwa mfupi, unaonekana kutoka madirishani na watu wanapita mchana kutwa, mwizi naye anaonekana.

Mahali ambapo mahindi bado yanapandwa kati ya ploti, kazi hiyo ni ya kusogeza bikoni, yaani alama za mipaka, kabla hati hazijatoka. Kwenye mitaa iliyokwisha kujaa itabidi kununua nyumba za watu na kuzibomoa.