Zao Linalolipa Ni Lile Ambalo Sijalima

Ndugu zangu wa Dumila na kwingineko, nitajieni zao ambalo nikililima mimi linalipa, maana yote yanayolipa nayaona yanalimwa na watu wa kwenye simu.

Huko kwenye simu kilimo ni kitamu, asikwambie mtu. Mpwa wangu anakaa Sinza, Dar es Salaam, shamba lake lote ni kopo la mshubiri dirishani, lakini kila msimu ananitumia hesabu. Nyanya ekari moja, miche 10,000. Kila mche kilo 3, tayari tani 30. Uza kilo kwa shilingi 500 tu, "hapo tumejibana mjomba," unaondoka na milioni 15. Kwenye hesabu hiyo hakuna kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, hakuna mnyauko, hakuna mbuzi wa jirani. Hata mvua inanyesha kwa adabu.

Basi nenda kanunue mbegu uone. Kijana wa duka la pembejeo siku hizi hafungui kabati kabla hajakutazama viatu. Akanitolea pakiti ya nyanya chotara, yaani mbegu ya kuchanganya aina mbili, punje 1,000, nyepesi hadi upepo wa feni unaitembeza juu ya kaunta. Nikauliza bei, akataja. Nikauliza tena, nikidhani amenitajia namba yake ya simu. Ukigawanya, punje moja inapita shilingi 100. Punje ya nyanya jamani, ambayo ikikuangukia hujui kama imekuangukia!

"Ila mzee wangu, usije ukakamua mbegu ukarudia msimu ujao. Chotara haikubali."

Haikubali! Nimeinunua, nimeimwagilia, nimeipulizia dawa, halafu inaninyima watoto? Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba anasema kweli. Jirani yangu alibishana nayo: akakamua, akaanika kwenye gazeti, akasia. Shamba likatoka kama ukoo wa mzee mwenye wake sita. Huyu mrefu, yule kibeti, mwingine anazaa vinyanya vya kuchezea bao, na hakuna aliyefanana na mama yake.

Za kurudia zipo, sikatai. Nyanya aina ya Tengeru 97 unakamua mwenyewe, na ganda lake gumu linavumilia safari. Lakini dalali akifika shambani anaibonyeza kwa kidole gumba, anasikitika utadhani amefiwa: "Soko linataka umbo la yai." Panda umbo la yai, atakwambia soko limehamia kwenye duara. Nikachukua chotara. Nikakwangua lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha mbegu, nikatuma namba, ujumbe ukarudi kwamba mbegu ni halali. Safi kabisa. Sasa naomba na dalali awekewe lebo ya kukwangua.

Kusia nilisimamia mwenyewe, trei mbele yangu, punje moja tundu moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti, nyingine zinanisubiri kwenye sinia. Kitinda mimba wangu akaja kuchungulia, akapiga chafya. Familia nzima tulipiga magoti kuokota, na kuku naye akaja kusaidia.

Mahindi ndiyo usiseme. Kipimo kinajulikana, kilo 8 hadi 10 kwa ekari, sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo. Lakini kibarua analipwa kwa ekari, halipwi kwa punje. Anatia nne nne ili mfuko uishe upesi akapumzike. Nikamuuliza kulikoni.

"Mzee, moja ya panya, moja ya kunguru, moja ya Mungu."

"Na ya nne?"

"Hiyo sasa ndiyo ya kwako."

Turudi kwenye nyanya. Ziliiva. Zikaiva za kwangu, zikaiva za Dumila nzima, zikaiva na za Ilula, wiki hiyo hiyo, maana kumbe kila mmoja ana mpwa wake Sinza. Tenga la nyanya likawa halifikii bei ya tenga tupu. Dalali akipigiwa anajibu neno moja: "Limejaa." Ukiwa huna nyanya hata moja, yeye ndiye anakupigia alfajiri.

Shemeji yangu wa Babati alinicheka sana. Amesahau mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingiza nchini kwake. Mbaazi aliyokuwa akiiuza zaidi ya shilingi 1,000 kwa kilo ikadondoka hadi mia chache, wakaila asubuhi, mchana na usiku hadi watoto wakawa wanaomba ugali mtupu. Mtu anasaini karatasi Delhi, wewe unashiba mbaazi Babati kwa lazima!

Lakini kinachonikata maini kabisa ni mchicha wa mke wangu, Mama Zawadi. Matuta mawili, pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita. Mbegu hanunui. Anaacha mashina machache yarefuke, yakikauka anayapukutisha kwenye ungo, anapeta, anafunga kwenye kipande cha kanga, anachomeka darini. Wiki tatu, nne, anauza mafungu mlangoni, na dalali hamjui. Na ile pakiti ya chotara, mkitaka kujua, hela yake ilitoka kwenye kipande hicho hicho cha kanga. Bado ananidai, na hupenda kunikumbusha wageni wakiwepo.

Juzi mpwa kapiga tena. "Mjomba, achana na nyanya, fursa sasa ni parachichi! Miaka mitatu tu linaanza kuzaa. Ekari moja..."

Nikampa simu Mama Zawadi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mche mmoja bei gani?"

Akataja.

"Vizuri. Wewe tuma miche ya ekari moja, mjomba wako achimbe mashimo. Tukivuna, nusu kwa nusu."

Mtandao wa Sinza ukaharibika hapo hapo.