Mati Diop na mabinti wanaoigiza Lubumbashi

Watazamaji wengi walimjua Mati Diop kwanza kama binti wa dereva wa treni. Ndiyo nafasi aliyopewa na mwongozaji Mfaransa Claire Denis katika 35 rhums, filamu ya mwaka 2008: Joséphine, msichana anayeishi na baba yake kwenye nyumba ya ghorofa pembeni mwa Paris, kila mmoja akiogopa siku ambayo mwenzake ataondoka. Hasemi sana. Anatazamwa. Kwa uso ule na umri ule angeweza kubaki mwigizaji maisha yake yote, na asingelaumiwa na mtu.

Yeye akashika kamera. Alikuwa ameshaonja kuongoza filamu fupi kabla ya hapo, kwa hiyo sidai kwamba wazo lilimshukia ghafla. Lakini tazama alikokwenda nayo. Alizaliwa Paris mwaka 1982, mama Mfaransa, baba mwanamuziki wa Senegal, Wasis Diop. Akaenda Dakar, akakaa usiku ufukweni na vijana wanaoota moto, akamwacha mmoja wao, Serigne, asimulie safari ya mtumbwi kuelekea Hispania. Picha zenyewe ni za giza, kuna wakati huoni ila mwanga wa moto usoni. Hiyo ni Atlantiques, filamu fupi ya mwaka 2009.

Mwaka 2013 akatoa Mille soleils, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Baba yake mkubwa ni Djibril Diop Mambéty, mwongozaji aliyefariki mwaka 1998. Filamu ya Mambéty ya mwaka 1973, Touki Bouki, inahusu wapenzi wawili wa Dakar wanaohangaikia nauli ya kwenda Ufaransa. Msichana anapanda meli, mvulana anabaki. Mati akamtafuta aliyeigiza mvulana yule, Magaye Niang, akamkuta Dakar, miaka 40 imepita, anachunga ng'ombe. Usiku mmoja Touki Bouki inaonyeshwa hadharani. Mzee anawaambia watoto kwamba yule pale kwenye skrini ni yeye. Watoto hawaamini. Mwongozaji yeyote angeweza kupiga picha hiyo, lakini naamini mwigizaji ndiye aliyejua kutoiharakisha. Anajua jinsi uso unavyobaki kijana kwenye filamu huku mwenye uso akizeeka nyumbani.

Kisha ile hadithi ya ufukweni ikarudi, safari hii ndefu. Katika Atlantique ya mwaka 2019, vijana wanajenga mnara Dakar na hawajalipwa kwa miezi. Wanapanda mtumbwi, bahari inawameza. Wanarudi usiku ndani ya miili ya wasichana waliowaacha, wanamwendea bosi nyumbani kwake kudai mshahara, halafu wanamlazimisha awachimbie makaburi. Ada, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaigizwa na Mame Bineta Sane, binti wa Thiaroye ambaye hakuwahi kuigiza. Wanasema Kiwolofu. Kwa filamu hiyo Mati akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingiza filamu yake katika shindano kuu la tamasha la Cannes, na akaondoka na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa. Mwaka 2024 akachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, kwa Dahomey, kuhusu vitu 26 vya kifalme ambavyo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Nilipoitazama nilifikiria jino la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, lililorudi kutoka Ubelgiji mwaka 2022 na kupitishwa Shilatembo, hapa karibu na sisi wa Lubumbashi, alipouawa. Nani amekaa akaitengenezea filamu safari hiyo kwa macho ya watu wa huku?

Sisi si wageni wa maigizo. Kundi la maigizo la Groupe Mufwankolo walicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi miaka na miaka, bila maandishi mkononi, na watu walijaza viti. Leo michezo ya kuigiza inapigwa kwa kamera kila mahali mjini, katika mitaa ya Kamalondo, Kenya na Ruashi, na haiwezekani bila mabinti. Lakini nenda mahali wanapopiga uone kazi inavyogawanywa.

Nilialikwa kwenye lupango moja, yaani ua wa nyumba, katika mtaa wa Katuba. Binti amelia mara tatu kwa sababu motopampu ya jirani imeharibu sauti mara mbili. Mara ya tatu ametoka vizuri sana, mpaka mama mmoja aliyekuwa akikoroga bukari, yaani ugali, amesimamisha mwiko. Binti akafuta machozi kwa kitenge, akasogea kutazama alichofanya. Mwenye kamera akaigeuzia skrini kifuani kwake. "Nenda ubadilishe nguo, dada, hii si kazi yako." Hakuna aliyeshtuka. Hata yeye alikwenda kubadilisha nguo.

Hilo linaniuma kuliko ukosefu wa pesa, ambao kila mtu anaupigia kelele. Binti anayelizwa kila wiki mbele ya lenzi anajua mengi kuhusu mwanga, umbali na muda wa kunyamaza, na ujuzi huo tunautupa. Tena tunamlaumu akiolewa na kuacha, tukisema mabinti hawadumu kwenye sinema.

Najua nitakavyojibiwa. Mati Diop ana jina la ukoo, ana Paris, alipita Le Fresnoy, shule ya sanaa ya Ufaransa ambayo hakuna binti wa Katuba atakayeisoma kesho. Ni kweli, na ni tofauti kubwa. Lakini Machérie Ekwa Bahango ni wa Kinshasa, na filamu yake ndefu ya kwanza, Maki'la, ya watoto wa mitaani wanaosema Kilingala, ilionyeshwa Berlin mwaka 2018. Na kugeuza skrini ili binti atazame hakuhitaji shule wala Paris. Kumkalisha kwenye montaji, pale picha zinapokatwa na kuunganishwa, jioni moja kunahitaji kiti tu.

Binti yule wa Katuba nilizungumza naye baadaye, akinisindikiza kwenye basi. Babu yake ni mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mwaka 2003 na 2004, katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Anataka kumrekodi babu huyo kwa kamera ya simu, akisimulia siku aliyoleta nyumbani pesa za mwisho, na bibi akimkatiza na kumsahihisha, kwa Kiswahili chao cha nyumbani. Ameshaandika maswali kwenye daftari. Simu anayo. Anachokosa ni maikrofoni, maana ya simu inabeba kila motopampu ya mtaa, na mtu wa kumfundisha montaji bila kumfukuza kwenye skrini. Aliye nacho kimoja kati ya hivyo, hapa Lubumbashi au Likasi, aniandikie, nitamfikishia yeye mwenyewe.